Barua ya wazi kwa Kaunti ya Nairobi: mbwa achanjwe kabla mtoto hajaumwa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi,
Kwa Mheshimiwa Spika na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,
Kwa wakurugenzi wa Afya na wa Huduma za Mifugo wa kaunti,

KUH: FUNGU MOJA LA PESA KWA KICHAA CHA MBWA, NA HESABU YA CHANJO WADI KWA WADI

Waheshimiwa,

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, iliwapa kaunti kazi ya huduma za afya. Ukisoma orodha yenyewe utakuta zahanati, magari ya wagonjwa, uzoaji wa taka, na katikati yake huduma za mifugo. Mbele kidogo, nambari ya 6, kuna udhibiti na ustawi wa wanyama: leseni za mbwa, na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Walioandika orodha hiyo waliweka mbwa, jaa la taka na zahanati chini ya paa moja. Ofisini mambo hayo matatu hukaa kwenye meza tatu zisizosalimiana.

Tunaandika tukiwa madaktari wa mifugo, wasaidizi wao na watu wa maabara. Ombi letu ni moja. Pesa za kumchanja mtu aliyeumwa na pesa za kumchanja mbwa ziwe fungu moja, chini ya afisa mmoja, na afisa huyo aulizwe swali moja kila mwaka mbele ya Bunge la Kaunti: katika kila wadi, mbwa wangapi kati ya mia wamechanjwa? Mengine yote hapa chini ni njia ya kulifikia jibu hilo bila kubahatisha.

Kichaa cha mbwa si mgeni hapa. Mara ya kwanza kilipothibitishwa nchini ilikuwa mwaka 1912, kwa mbwa, viungani mwa Nairobi hii hii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kati ya watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wasiozidi miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa. Kenya ina mkakati wa kitaifa wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu, uliotangazwa mwaka 2014 na unaofikia ukomo 2030. Miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kwanza tuliondoe jambo la sumu, kwa sababu kila malalamiko ya mbwa koko yanapozidi kuna mtu hupendekeza nyama yenye sumu itupwe usiku. Tunalipinga kwa hesabu, hata kabla ya huruma kuingia. Sumu haichagui. Inamla mbwa aliyechanjwa mwezi uliopita kwa pesa zenu na kumwacha yule mwoga asiyekaribia chambo. Nafasi iliyoachwa haikai wazi, kwa maana taka na mifupa ziko palepale: ndani ya miezi michache imejazwa na watoto wa mbwa, ambao hakuna hata mmoja mwenye kinga. Wenye mbwa nao huwaficha au kuwahamishia kwa jamaa mtaa wa pili, na kama kuna aliyeambukizwa, kirusi kimesafirishwa bure. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kiliingiliwa na kichaa cha mbwa mwaka 1997. Mbwa wakauawa kwa wingi mno, ugonjwa ukabaki. Halafu kuna wanaokula mzoga: korongo wakubwa wa Barabara ya Mombasa, mwewe, paka, na mtoto anayeokota chupa jalalani.

Chanjo ya mbwa hufanya kazi kwa sababu kirusi hiki, pamoja na ukali wake, ni mwambukizaji dhaifu. Mgonjwa mmoja wa surua huweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa zaidi ya mmoja lakini hafikishi wawili. Kwa hiyo ukiwa na kinga kwa nusu tu ya mbwa wakati wote, mnyororo unakatika. Mbona basi tunadai asilimia 70? Kwa sababu ya maneno hayo "wakati wote". Mbwa wa mitaa yetu hawazeeki. Tuseme theluthi moja hufa ndani ya mwaka na mahali pao wanazaliwa wengine. Ukianza Agosti na 70 kati ya 100, Agosti inayofuata unabaki na 47 hivi. Ukiruka mwaka mmoja bila kampeni, unabaki na 31, na hapo mlango uko wazi. Asilimia 70 ni akiba ya kukuvusha hadi kampeni ijayo. Anayechanja asilimia 40 kila mwaka hupoteza pesa zote mbili, za chanjo na za matibabu. Afadhali wadi 40 zifikie 70 kuliko wadi 85 kuishia 35, ingawa tunajua maneno haya hayatampendeza Mwakilishi ambaye wadi yake itangoja mwaka wa pili.

Sasa tuingie kazini. Chukueni wadi moja yenye mbwa 1,000, iwe ni mfano tu. Lengo ni mbwa 700. Chanjo ya kichaa huja katika chupa za dozi 10, mililita moja kwa kila mbwa awe mkubwa au mdogo, kwa hiyo ni chupa 70. Ongezeni saba za kumwagika na za jioni chupa ikibaki na dozi mbili ambazo haziwezi kulala hadi kesho: jumla 77. Mabomba na sindano 800, kadi 800, na mikanda ya plastiki ya rangi moja ya kuvisha shingoni, rangi ibadilishwe kila mwaka. Kikundi ni watu wanne: mchanjaji, mshikaji, mwandishi wa kadi, na mtu wa mtaa anayefahamika, kwa kawaida mhamasishaji wa afya ya jamii au mzee wa nyumba kumi. Kikundi kikihudumia mbwa 100 kwa siku, vikundi viwili vinamaliza wadi kwa siku nne. Siku ya tano ni ya kuzunguka nyumba kwa nyumba na kwenye majaa kutafuta waliokosekana. Siku hiyo ya tano ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikibana, na ndiyo huwapata mbwa wasio na mtu wa kuwaleta. Msiikate.

Huduma iwe bure. Jambo hili lilipimwa N'Djamena, mji mkuu wa Chad: wenye mbwa walipotakiwa kulipa, waliochanjwa hawakufika robo ya mbwa wote, chanjo ilipokuwa bure, walizidi asilimia 70. Na mji huohuo ukatufundisha jambo la pili. Baada ya kampeni mbili kubwa za 2012 na 2013 maambukizi yalikatika kwa miezi kadhaa, kisha kirusi kikaletwa tena kutoka nje ya mji. Nairobi haina ukuta. Mbwa wa Ruai na wa Kamulu wanajuana na wa Machakos, Uthiru imeshikana na Kinoo ya Kiambu, na kuna watu wanaolala Rongai na kufuga Lang'ata. Kiambu, Machakos na Kajiado ziandikiwe mapema ili wadi zao za mpakani zichanjwe wiki zilezile.

Kituo kiwe karibu. Mtu anayemvuta mbwa kwa kamba ya katani hatembei kilomita mbili, na mbwa wengi hawajawahi kufungwa kamba. Mukuru, Mathare na Kibra, watoto ndio wanaowajua mbwa na ndio watakaowaleta, kwa hiyo kampeni iangukie likizo ya Agosti, wakati ambao pia mvua haipo. Mtoto asiachiwe kumshika mbwa wakati wa sindano; kazi yake iishe anapomkabidhi mshikaji. Kilimani na Runda shida ni nyingine kabisa: mbwa yupo nyuma ya geti, mwenyewe yuko kazini, na bawabu hathubutu kumgusa. Huko vituo vifunguliwe Jumamosi na Jumapili asubuhi, na kampuni za ulinzi zitakiwe kuonyesha kadi za mbwa wao wa doria. Pumwani na Eastleigh, kituo kisiwe mlangoni pa msikiti, na pawe na maji ya kutosha ya kunawa kwa aliyeguswa na mate ya mbwa. Ni kitu kidogo kinachoamua kama watu watakuja.

Wachanjaji wenyewe wachanjwe kwanza. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani kwa mtu anayejikinga kabla ya kuumwa ni siku mbili tu, siku ya 0 na ya 7. Kumtuma mwanafunzi wa mazoezi kushika mbwa 100 bila kinga hiyo ni kosa, na kosa hilo hufanyika kwa sababu pesa zake ziko kwenye idara ya pili.

Chanjo huharibikia wapi? Wengi watasema joto. Mara nyingi ni barafu. Chanjo hii ya kirusi kilichouawa hubebwa na chumvi ya aluminiamu, na ikiganda, chumvi hujikusanya mabonge na dozi inakuwa maji ya bei ghali. Inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Anayetoa pakiti za barafu kwenye friza na kuzipanga moja kwa moja juu ya chupa anaua chanjo akidhani anaitunza. Pakiti ziachwe nje mpaka zianze kutoa jasho na maji yasikike ndani ukizitikisa, kisha kadibodi au gazeti liwekwe kati yake na chupa, na kipimajoto kiwe ndani ya kisanduku, kisomwe asubuhi, mchana na jioni na kuandikwa. Chupa iliyowahi kuganda itupwe hata kama sasa imeyeyuka na inaonekana safi.

Upande wa joto, utafiti una habari njema kuliko vitabu vya zamani. Majaribio yaliyofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa chanjo moja inayotumika sana iliendelea kuwapa mbwa kinga baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzi 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi 30. Maana yake ni kwamba umeme ukipotea usiku mmoja Kayole, akiba haijafa papo hapo, na afisa asiitupe kwa hofu kabla ya kuuliza. Haina maana kwamba kisanduku kiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, ambamo joto hupita nyuzi 50.

Kosa lingine liko mkononi. Mchanjaji mwenye haraka huinua ngozi ya shingo, hutoboa upande huu na sindano ikatokea upande wa pili, dozi ikaishia kwenye manyoya. Mbwa anavishwa mkanda, anaandikwa, na hana kinga. Kidole kipitishwe juu ya manyoya baada ya kila sindano: yakilowa, rudia. Sindano ya kuchotea chupani isiwe ileile iliyoingia kwenye mbwa, la sivyo mtaa mzima utapata majipu na mwakani hakuna atakayewaleta.

Watoto wa mbwa wasirudishwe. Imezoeleka kumwambia mtu "huyu hajafikisha miezi mitatu, umlete baadaye", na hiyo baadaye haifiki. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanashauri kampeni za halaiki zichanje mbwa wa umri wowote. Wadogo ni sehemu kubwa ya mbwa wa jiji, ndio wanaochezewa na watoto, na wakiachwa nje ya hesabu, asilimia 70 haipatikani hata kwa dua. Tena paka. Kichaa hakikai ndani ya paka kama kinavyokaa ndani ya mbwa, lakini paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa huugua na humrarua mtu usoni na mikononi. Paka aletwe ndani ya mfuko wa sukari wa kilo 50 au katoni yenye matundu. Asibebwe mikononi kwenye foleni ya mbwa. Dozi ni ileile.

Kampeni ikiisha, msiamini rejista. Rejista inasema mmechanja wangapi. Haisemi mmewakosa wangapi. Kesho yake alfajiri, kabla jiji halijaamka, watu wawili watembee njia zilizochaguliwa mapema, wahesabu kila mbwa wanayemwona: mwenye mkanda na asiye nao. Wakiona 120 na wenye mikanda ni 66, wadi hiyo ina asilimia 55, na vikundi virudi wiki hiyohiyo, kabla mikanda haijakatika. Kazi hii ni ya asubuhi mbili kwa wadi na ndiyo pekee itakayowapa jibu la swali tulilowaomba mwanzoni. Pia ndiyo itakayowaambia Nairobi ina mbwa wangapi. Idadi ya watu tunaijua, sensa ya 2019 ilipata milioni 4.4, ya mbwa hukisiwa mezani.

Upande wa aliyeumwa, tunataka jambo la kwanza lifanyike kabla ya hospitali: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa kutazama saa. Kirusi hiki kimevishwa ganda la mafuta, na sabuni huliyeyusha. Mahali maji yanapouzwa kwa mtungi, mtungi mmoja wa lita 20 wenye mfereji mdogo unatosha kabisa, na kila zahanati ya kaunti iwe na huo mtungi, sabuni na saa ukutani karibu na mlango. Pilipili, mafuta ya taa na majivu havifanyi kazi hiyo. Kidonda kisishonwe haraka.

Kisha chanjo. Njia ya misuli hula dozi kamili nne au tano kwa mtu mmoja. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza njia ya ndani ya ngozi: mililita 0.1 mahali pawili, siku ya 0, ya 3 na ya 7. Mtu anamaliza kwa wiki moja, na jumla yote ni mililita 0.6. Chupa ya mililita moja inahudumia watu watano kwa siku moja. Kikwazo ni kwamba chupa iliyofunguliwa, hata ikiwa baridini, inatakiwa kumalizwa ndani ya saa sita hadi nane. Ukiigawa huduma kwenye zahanati 50, kila moja itafungua chupa kwa mtu mmoja na kumwaga iliyobaki. Chagueni vituo vichache vinavyofikika kwa matatu moja, kama hospitali za Mama Lucy, Mbagathi na Pumwani, wauguzi wafundishwe sindano ya ndani ya ngozi (ngozi inapaswa kuvimba kidogo kama ganda la chungwa, isipovimba umeingia chini zaidi, rudia), na zahanati nyingine zote ziwe na kazi ya kuosha kidonda na kumwelekeza mgonjwa. Kwa majeraha yanayotoa damu, na kwa mate yaliyoingia mdomoni au machoni, panahitajika pia imunoglobulini, yaani kingamwili zilizo tayari kupambana na kirusi. Idungwe ndani ya kidonda na kukizunguka, ikilenga pale kirusi kilipo. Kuimalizia yote kwenye paja, kama ilivyozoeleka, kunapoteza kitu adimu.

Hapa ndipo fungu moja la pesa linapoonyesha faida. Mtu anapofika ameumwa, muuguzi apige simu kwa daktari wa mifugo wa kaunti ndogo, na daktari aende kumwona mbwa. Mbwa au paka aliyeuma akiwa hai na mzima siku ya kumi, hakuwa na kirusi kwenye mate siku aliyouma, na kwa aliye kwenye njia ya misuli, chanjo iliyobaki inaweza kusitishwa. Akiwa mgonjwa, kunatafutwa wengine aliowauma ambao hawajaja hospitali, na hao wapo karibu kila mara. Maafisa waelezwe kwamba si kila mbwa mwenye kichaa hukimbia na kuuma. Kuna aina ya kimya: taya linalegea, mate yanadondoka, sauti inabadilika, na mwenye mbwa anadhani mfupa umekwama kooni. Anaingiza mkono.

Mbwa huyo akifa au akiuawa, asipigwe kichwani, maana ubongo ndio ushahidi. Kichwa kizima si lazima kisafirishwe. Mrija wa plastiki wenye upana wa milimita 5 hivi husukumwa kupitia tundu la nyuma ya fuvu, linapoingilia uti wa mgongo, kuelekea jicho, ukazungushwa na kutolewa ukiwa na kipande cha shina la ubongo. Anayefanya hivyo avae glavu mbili na miwani. Kipande kiwekwe kwenye chupa yenye mchanganyiko nusu kwa nusu wa gliserini na maji ya chumvi, juu ya barafu. Kisitiwe fomalini, kwa kuwa itavuruga kipimo cha kawaida cha kung'arisha kirusi chini ya hadubini. Maabara Kuu ya Mifugo iko Kabete, na kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko mlima uleule. Kinachokosekana ni pikipiki, kisanduku, na fomu inayorudisha majibu kwa muuguzi aliyeanzisha habari, wala si kwa kabati la faili.

Kuhusu uzazi, kampeni nyingi huanzia hapa kwa kuwa kunapendeza kwenye picha. Kuhasi na kufunga kizazi hakuzuii kichaa. Kunapunguza kasi ya mbwa wapya na kufanya chanjo idumu. Kama pesa hazitoshi vyote viwili, chanja. Zikitosha, anzeni na majike, kwa sababu dume mmoja aliyesalia anatosha mtaa. Jike la mbwa hubeba mimba siku 63, mara mbili kwa mwaka. Kwa paka hali ni mbaya zaidi: huko Ulaya jike hutulia majira ya baridi siku zinapokuwa fupi, lakini sisi tumekaa karibu na ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima, na paka wa Marikiti hapumziki. Huanza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka. Paka wa sokoni aliyefungwa kizazi na kuchanjwa, akakatwa ncha ya sikio la kushoto chini ya usingizi ili asikamatwe tena, arudishwe pale pale alipotolewa. Ukimhamisha, panya hubaki na paka wengine wasiochanjwa huingia. Na popote wanyama watakapopasuliwa, iwe hemani au darasani, mkataba uitaje dawa ya maumivu ya siku tatu na chumba cha kuamkia. Wapo wanaokufa kwa kupoteza joto baada ya mshono kwisha, wakiwa wamelazwa kwenye sakafu ya saruji mwezi Julai.

Agroveti tutazigusa kwa ufupi, kwa kuwa leseni za biashara zinatoka kwenu. Mwenye paka akiuziwa dawa ya kupe ya mbwa yenye pamethirini, paka wake ataanza kutetemeka na huenda akafa. Akimpa nusu kidonge cha parasetamoli, ini lake haliwezi kuivunja na ufizi unageuka rangi ya kahawa. Dawa ya nagana ya sindano yenye diminazini imepakiwa kwa ng'ombe. Mbwa anahitaji miligramu 3.5 kwa kilo, na akizidishiwa huanguka na kupooza siku chache baadaye, muuzaji akiwa amekwisha kulaumu ugonjwa. Chanjo za watoto wa mbwa zinauzwa kwenye mfuko wa karatasi bila barafu. Mkaguzi wa kaunti akiingia dukani atazame jokofu kabla ya kutazama risiti, na onyo la paka libandikwe kaunta kwa Kiswahili.

Mwisho ni tarehe, kwani hapa ndipo mipango mizuri hufia. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti unawasilishwa bungeni kabla ya Februari 28, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kampeni ya Agosti haiwezi kungoja pesa za Julai. Kwa hiyo chanjo ya mbwa inunuliwe kwa fungu la mwaka unaoisha, zabuni itangazwe Januari, shehena ipokelewe Mei na kuhifadhiwa kwenye ghala baridi ambalo idara ya afya tayari inatumia kwa chanjo za watoto. Wachanjaji wapate sindano zao Juni. Wadi za mpakani ziwe wiki ya kwanza ya Agosti, za katikati ya jiji wiki ya pili na ya tatu, hesabu ya mikanda alfajiri inayofuata kila wadi. Jedwali la wadi 85, lenye asilimia mbele ya kila jina, libandikwe hadharani kabla ya Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na wadi zilizo chini ya 70 ziandikwe kwa wino mwekundu.

Tuko tayari kuja mbele ya kamati zenu za afya na za kilimo zikiketi pamoja, siku yoyote mtakayoitaja.

Wenu,
Madaktari wa mifugo, wasaidizi wa mifugo na wataalamu wa maabara,
Nairobi